Mwalimu wa Pemba auliza: kobe na sungura wakae darasani?

*"Asalaam alaykum daktari. Ninasomesha darasa la tatu katika skuli ya msingi, wilaya ya Wete, Pemba. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alikuja na kobe mdogo, anaenea kiganjani, kamtia kwenye kopo tupu la rangi. Anasema kaletewa na mjomba wake kutoka Unguja. Mwengine kwao wanafuga sungura, yuko tayari kuleta wawili. Watoto wamefurahi mno. Kuna mmoja tangu mwaka uanze hajatoa sauti darasani, sasa kila asubuhi ananipa habari za kobe. Lakini mzazi mmoja amenijia juu: ati wanyama ni najisi, na mwanawe ana pumu. Mwenzangu wa ofisini anasema kobe hana neno kwa sababu damu yake ni baridi na maradhi hayakai humo, na kwamba mtoto akizoeshwa wanyama pumu humwacha. Darasa lina watoto zaidi ya 70, chumba tunapokezana na mkondo wa mchana, na mfereji ni mmoja kwa skuli nzima. Mwalimu mkuu kaniambia nimwandikie kwanza. Niwaweke au niwarudishe?"*

Waalaykum salaam, mwalimu. Nianze na jibu lenyewe, maana najua una barua ya kuandika. Kobe atoke darasani leo, sungura wasiingie chumbani kabisa, na pamoja na hayo usikate tamaa ya kuwa na wanyama skulini. Ipo namna ya kulifanya jambo hili likakaa vizuri.

Katika barua yako naona mambo mawili yamepandana. La kwanza, unaogopa watoto wasije wakaumwa kwa jambo uliloliruhusu wewe. La pili hukulisema wazi: unaogopa ukimtoa kobe, yule mtoto aliyeanza kusema atanyamaza tena. Hilo si dogo. Nimewaona watoto wasiomjibu mtu mzima hata salamu wakimsimulia mbuzi mambo yote ya nyumbani kwao. Mnyama hasahihishi, hacheki, wala hamwambii mtoto arudie kwa sauti. Tafiti za nchi za nje juu ya wanyama darasani nyingi ni ndogo na za muda mfupi, kwa hiyo sitakwambia kwamba kobe ni dawa. Lakini unachokiona kwa macho yako mwenyewe usikiache kipotee.

Tumshike kwanza huyo kobe. Mwenzako wa ofisini amekosea, na amekosea pahala pabaya. Damu baridi maana yake ni kwamba mwili wa kobe haujitilii joto wenyewe, hufuata joto la pale alipo. Bakteria wa salmonela hawalijali hilo. Wanaishi kwenye utumbo wa kobe, wa mjusi na wa nyoka bila kumdhuru mwenyewe, ndiyo maana unamwona kobe mzima, macho maangavu, anakula mchicha wake, na huku anawatoa kwenye kinyesi. Tena hawatoi kila siku. Wiki hii atawatoa, wiki ijayo asiwatoe, na akibabaishwa au akihamishwa atawatoa zaidi. Hata ukiniletea kinyesi chake nikakipima nisione kitu, karatasi hiyo haitakufaa kesho. Wala asije mtu akakushauri umpe dawa za kuua bakteria. Hazimsafishi, zinafuga bakteria sugu tu.

Sasa litazame hilo kopo la rangi. Kobe anatembea juu ya kinyesi chake, anakunywa maji aliyoyakalia, na gamba lake la chini lote limeshapata. Mtoto anamshika, anampa mwenzake, naye anampa mwengine. Kengele ya mapumziko inalia, wanakimbilia kwa bibi anayeuza ubuyu langoni. Mtoto anamung'unya kokwa moja baada ya moja na kulamba vidole mpaka wekundu uishe. Wazazi wanaonipigia simu juu ya wanyama huniuliza kichaa, huniuliza kupe, huniuliza manyoya. Hakuna aliyewahi kuniuliza ubuyu, na salmonela hupita hapo hapo.

Mtoto wa miaka tisa mwenye afya akiipata ataharisha, atashikwa na homa na msokoto wa tumbo, kisha baada ya siku 4 hadi 7 wengi hupona. Kuumwa huanza baina ya saa 6 na siku 6 tangu bakteria waingie, kwa hiyo mara nyingi mama hulaumu chakula cha jana yake. Mimi simwogopei sana huyo mkubwa. Ninamwogopea mdogo wake wa mwaka mmoja anayebebwa na dada aliyetoka skuli hajanawa. Na zaidi ninamwogopea mtoto mwenye selimundu, yale maradhi ya damu ya kurithi, maana kwake salmonela haiishii tumboni, huingia kwenye damu ikafika kwenye mifupa, na hapo ni kulazwa. Katika darasa la watoto 70 wa visiwa vyetu, usidhani huna hata mmoja. Marekani walipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe ambaye gamba lake halijafika inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiumwa kwa wingi kutokana na vikobe hivyo vidogo vya kuenea kiganjani. Huyo wako ni wa kadiri hiyo.

Kobe huyu ana jengine pia. Akiwa kweli katoka Unguja, huenda ni wa ukoo wa wale wakubwa wa kisiwa cha Changuu, ambao asili yao ni kobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wale huishi zaidi ya miaka 100 na dume hufikia kilo 250, sasa fikiria ni darasa gani litamchukua. Miaka ya 1990 waliibwa sana pale kisiwani mpaka wakabaki wachache, na ndiyo maana leo wanafugwa ndani ya uzio. Mkataba wa kimataifa wa CITES unadhibiti biashara yao. Akiwa ni kobe wa maji wa mabondeni, naye ni mnyama wa porini, si wa kopo. Kwa vyovyote vile usimwachie msituni kwa kudhani unampa uhuru, maana hujui katoka wapi wala anabeba nini. Wapigie Idara ya Misitu, wao wataangalia gamba na kusema ni nani na aende wapi. Mpaka wafike, mtie kwenye beseni pana penye kivuli nusu na jua nusu, umwekee maji kwenye sahani ya chini na ukoka mbichi, na ashikwe na mtu mzima mmoja tu. Mwanafunzi aliyemleta usimfedheheshe mbele ya wenzake. Mjomba ndiye wa kuulizwa, na aulizwe kwa upole na sheha au na watu wa Misitu wenyewe, si na wewe.

Nije kwenye pumu. Kauli ya kwamba mtoto huzoea ina ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo inavyopotosha. Watoto waliozaliwa na kukulia katikati ya mifugo tangu uchanga huonekana kupata pumu kwa uchache. Hiyo ni habari ya kifua ambacho bado hakijashikwa. Kifua ambacho kimeshaanza kubana hakifundishwi kwa kusogezewa kinachokibana. Na watu hudhani tatizo ni manyoya, kumbe ni vijiprotini vilivyomo kwenye mate, mkojo na magamba ya ngozi. Paka au sungura hujilamba, mate yakakauka, yakapeperuka vumbi jepesi lisiloonekana. Linaelea saa nyingi, linatua kwenye madawati, na linashika nguo kama moshi wa udi unavyoshika kanga. Hapo kumtoa mnyama asubuhi hakumfai mtoto mwenye pumu aliyeingia baadaye. Wala watoto wa mkondo wa mchana hawakuulizwa kitu, wao watakuta chumba kimeshajaa vumbi la mnyama wasiyewahi kumwona. Wazazi wao nao wana haki ya kuja juu.

Kuhusu najisi, mimi ni daktari wa mifugo, si shekhe, na ningependa mwalimu wenu wa dini aseme mbele ya mzazi huyo. Ila haya yanajulikana na kila aliyepita chuo cha Kurani. Paka alielezwa kuwa si najisi, ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Mtoto Abu Umayr alikuwa na kijindege chake cha kuchezea, na Mtume, rehma na amani zimshukie, akimtania kwa kumuuliza habari zake, tena kijindege kilipokufa. Kwa Mashafi ukali upo kwa mbwa na nguruwe. Kwa hiyo sungura hai akipita mbele ya mtoto hamharibii udhu. Lakini na wewe mwalimu usije ukaishika hoja hiyo kama ngao, maana mnyama kuwa tohara si kuwa hana maradhi. Paka ni tohara, na kinyesi chake kina minyoo na kina toksoplazma, kijidudu kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mzazi wako amekosea katika sababu moja na kupatia katika nyengine, na hiyo aliyopatia ndiyo ya kumjibu kwanza.

Na mafundisho hayo hayo yana habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia ndani, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Mimi nikipita maskulini swali langu la kwanza huwa ni hilo, kabla ya salmonela na kabla ya pumu. Ijumaa mchana unatia kufuli. Nani anafungua Jumamosi? Nani Jumapili? Wiki ya Sikukuu je? Likizo ndefu je? Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba watoto watapokezana kwenda naye nyumbani. Watapokezana mpaka ifike zamu ya nyumba yenye mbwa, au yenye mtoto mchanga, au ambayo baba anaona kitoweo. Mnyama wa darasani hafi kwa maradhi tu, hufa pia kwa siku mbili hizi za mwisho wa wiki.

Kwa sungura ubaya unazidi. Watu humwona mpole wakadhani ni mnyama wa watoto. Sungura ni mnyama wa kuliwa na wengine, anajua hivyo, na maisha yake yote ni kusikiliza nani anakuja. Watoto 70 wakiitikia "Shikamoo mwalimu" kwa pamoja, moyo wake unamwenda mbio. Saa zenu za masomo ndizo saa zake za kupumzika, yeye huchangamka alfajiri na magharibi, ambapo nyinyi hampo. Hatoki jasho, joto hulitolea zaidi masikioni, na likipindukia nyuzi 30 anaanza kutaabika. Darasa la mabati wakati wa kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, saa saba mchana, hata wewe unajipepea kwa daftari.

Kisha kuna kubebwa. Mtoto wa miaka tisa hatosheki kutazama, anataka kunyanyua. Sungura akinyanyuliwa miguu ya nyuma ikaning'inia hupiga teke kwa nguvu zote, na uti wake wa mgongo ni mwepesi. Nimeletewa wa namna hiyo, sehemu ya nyuma imepooza, mtoto aliyembeba analia kuliko mwenye sungura. Hakuna tiba ya kumpa. Ongeza kucha zake mikononi mwa watoto, ongeza choa, yale madoa ya duara yanayowasha ambayo kichwani hugeuka mapunye, na darasa lililobanana huambukizana kwa wiki chache. Na hao wawili, umehakikisha jinsia yao? Sungura wachanga hata wafugaji hukosea. Mimba ni siku 30 hadi 32, jike anaweza kupandwa tena siku ile ile aliyozaa, na watoto wake nao wakifika miezi minne au mitano wanaanza yao. Barua ya sungura wawili utaiandika mara moja tu. Ya sungura kumi na tisa itajiandika yenyewe.

Sasa maji. Mfereji ni mmoja, watoto ni 70. Kunawa kwa sabuni kwa kufaa ni sekunde 20 kwa mtoto, bila kuhesabu kusukumana. Hiyo ni sekunde 1,400, karibu dakika 23, zaidi ya nusu ya kipindi cha dakika 40. Na maji yasikatike. Dawa ya kupaka mikononi haichukui nafasi ya sabuni pale penye kinyesi na mchanga. Ndiyo maana nasema ukitaka mnyama yeyote skulini, anza na vibuyu chirizi vitatu au vinne vya madumu, na sabuni iliyofungwa kwa kamba isiibiwe. Fanyeni hata kabla ya mnyama. Vitafaa kwa kipindupindu pia.

Basi kipi kifanyike? Nitakupa ninavyopenda mimi mwenyewe, wewe utapima na mwalimu mkuu.

Lililo bora kuliko yote kwa darasa la tatu halina manyoya wala gharama. Nenda kwenye mlimau au mndimu wowote usiopigwa dawa, geuza majani machanga. Utaona viyai vya manjano hafifu, kimoja kimoja, kama kichwa cha pini. Hivyo ni vya kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, yule anayezunguka kwenye miti ya ndimu. Katika majani mengine utaona kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye weupe. Kiguse kwa kijiti: kitatoa pembe mbili za rangi ya chungwa kutoka nyuma ya kichwa na harufu kali itakupiga puani. Ni kiwavi, amejifanya kinyesi asiliwe. Akikua atakuwa kijani kama jani lenyewe. Kata tawi pamoja naye, litie kwenye chupa ya maji, ziba mdomo wa chupa kwa pamba asije akazama, funika yote kwa kipande cha chandarua. Kila siku tawi jipya. Watoto watasikia anavyotafuna, hasa asiposema mtu. Baada ya wiki chache atajifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba kiunoni na kuwa kifukofuko, na kama wiki mbili hivi baadaye, pengine zaidi, kipepeo atatoka na mbawa zimejikunja, atakaa kuzikausha, kisha mnamfungulia dirisha. Ijumaa chupa nzima unaichukua kwenda nayo kwako. Wakati mwengine badala ya kipepeo hutoka kijinyigu, kimemla kiwavi kutoka ndani, na hapo jiandae kwa maswali magumu. Angalizo moja: chukua viwavi laini wa mlimau tu. Wenye nywele wasiguswe, wengine huwasha vibaya.

Na yule mtoto wako aliyeanza kusema, mpe yeye daftari la kiwavi. Kila asubuhi aandike kala kiasi gani, karefuka kiasi gani kwa rula, kisha awasomee wenzake wa dawati lake, si darasa zima. Darasa zima litakuja siku yake.

La pili ni kuku. Matetea wawili watatu na banda la miti nyuma ya skuli ni jambo ambalo kila mtoto wa Pemba analijua kwao, kwa hiyo wanakuja na ujuzi badala ya kuja na mshangao. Yai chini ya tetea ni siku 21, na mkiliangalia usiku kwa tochi kuanzia siku ya saba mtaona mishipa. Lakini hesabu mdondo: bila chanjo utaamka siku moja banda zima limelala. Chanjo ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na mabwana mifugo wa wilaya wanajua inapopatikana. Vifaranga nao wana salmonela, usidhani kwa kuwa ni wazuri. Wasibusiwe, wasiingizwe darasani kwenye boksi, na kunawa ni pale pale.

Sungura nao si haramu kwa skuli, ni kwa chumba. Ukitaka, wawe nje chini ya mwembe, banda limenyanyuka usawa wa kiuno, waya usiopitisha panya, paa la makuti na si bati, dume na jike mbalimbali. Chakula chao kikubwa kiwe ukoka na majani, kwa sababu meno yao hayaachi kuota na hupunguzwa kwa kutafuna. Matembele sawa, majani mabichi ya mhogo hapana, mkate hapana. Watoto wawili kwa siku wahudumu, wengine watazame. Na awepo mtu mzima mmoja, kwa jina, aliyekubali kwa mdomo wake na kulipwa kitu, anayekuja Jumamosi na Jumapili. Usipompata mtu huyo, basi na banda lisijengwe. Njia nyepesi zaidi ni kumwalika mwenye sungura aje naye siku moja ndani ya tenga, nje kivulini, watoto wakae duara na kuuliza, kisha arudi naye kwao. Saa moja ya namna hiyo hufundisha kuliko mwezi wa kumtazama mnyama kwenye kona.

Samaki wa kwenye kioo nitawapitia haraka. Ni wazuri kwa mwenye pumu, lakini maji yanataka wiki nne hadi sita kukomaa mpaka bakteria wazuri wanaokula amonia wazaliane, na watu hutia samaki siku ya kwanza wakafa ya tano. Pampu ni umeme, nao unaujua.

Na kwa kuwa mmeshafungua mlango, kuna siku mtoto atakuja na komba mchanga aliyeanguka mnazini, au na popo. Hao hapana kabisa. Wanang'ata, wanateseka, na sheria ya misitu ya visiwa hivi ya 1996 ipo kwa ajili yao. Popo hasa asishikwe kwa mkono mtupu. Ukitaka watoto wamjue popo wa Pemba, ambaye haishi pengine popote duniani, wapeleke Kidike, kwenye hifadhi ya popo hao, wasimame chini, wanyanyue vichwa.

Paka wanaojipitia skulini huwezi kuwazuia, lakini mchanga wa kuchezea watoto ufunikwe jioni, maana wao huuona ni choo. Mwalimu mjamzito asiwe ndiye wa kusafisha kinyesi chao, kwa ajili ya ile toksoplazma.

Katika barua ya mwalimu mkuu usiandike faida nyingi, anazijua. Mwandikie nani atamhudumia mnyama siku zisizo za skuli, maji ya kunawa yatatoka wapi, fedha za chakula na chanjo ni za nani, na watoto wenye pumu, mzio na selimundu ni wangapi. Hilo la mwisho waulize wazazi mmoja mmoja, si kwa kunyoosha mikono darasani. Ungepita pia kwa yule mzazi nyumbani kwake kabla ya kuituma, umwambie kobe ameshatoka na kwamba mwanawe ndiye uliyemfikiria. Atakuwa mtetezi wako kwenye kamati.

Kuna mambo ambayo jibu langu la kuandika halitoshi. Kwa hawa waliokwisha kumshika kobe, mtoto yeyote anayeharisha damu, au ana homa kali na kulegea, au anaharisha na ni wa chini ya miaka mitano, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo na daktari aambiwe kwamba kulikuwa na kobe. Wasiposema, hataulizia. Mwenye selimundu akipata homa asingojewe hata usiku upite. Mwenye pumu akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au ngozi ya mbavuni ikiwa inaingia ndani anapovuta hewa, ni hospitali moja kwa moja, pampu yake ikiendelea njiani. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa na mbwa, paka, komba au popo, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha akaonwe kwa chanjo, hata kama ni mchubuko. Kichaa cha mbwa kilikatika Pemba mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, kikaingia tena 2016, kikakatwa tena 2018. Kikiweza kuvuka bahari mara moja kinaweza mara ya pili.

Na mkija kufuga sungura, mfundishe huyo mhudumu dalili moja tu akiweza moja. Sungura ambaye hajagusa chakula wala hajatoa choo tangu asubuhi mpaka jioni, utumbo wake umesimama, na anaweza asifike siku ya pili. Msimsubiri Jumatatu. Mleteni kituo cha mifugo jioni ile ile, kwenye kapu lenye kitambaa na kivuli, si kwenye gunia.